MSHALE UNAENDA MBIO GANI?



Juma lililopita, bwenini, mmoja wetu alituonyesha kwenye simu upinde wa kuwindia wa Marekani, ule wenye puli. Akasema: «Huu ndio upinde. Ule wa Wambuti ni mchezo wa watoto.» Tukacheka, na mimi kapita nikacheka. Lakini mwenzetu mmoja, ambaye baba yake ni Mbuti, hakucheka. Akatoka nje. Kesho yake nikafungua daftari ya fizike, nikapiga hesabu. Njo hii.

1. Upinde ni ghala

Mshale hauna nguvu yake wenyewe. Ukivuta kamba, mkono wako unaweka enerji ndani ya upinde. Ukiachilia, upinde unairudisha. Upinde wa mti huanza laini, ugumu unaongezeka pole pole. Tuseme mwisho wake ni nyutoni 200 (sawa kuinua kilo 20), na umevuta nusu meta. Wastani wa nguvu ni nyutoni 100. Basi 100 × 0,5 = jouli 50.

Upinde wa puli ni uvumbuzi wa Holless Allen wa Missouri, aliyepata hati yake mwaka 1969. Tundu la puli zake haliko katikati. Kwa hiyo ugumu unapanda upesi, unakaa juu, halafu unapungua mwishoni, na mwindaji anapumzika akilenga. Kwa mkono ule ule tuseme unaweka jouli 75. Si uchawi.

2. Nani anakula enerji?

Mshale haupati yote. Mikono ya upinde na kamba nayo inakimbia. Tuseme inakula sawa na uzito wa gramu 15. Kanuni: mbio mara mbio = enerji mara 2, gawanya kwa uzito wote (kilo).

— Upinde wa mti, mshale wa gramu 25: 100 ÷ 0,040 = 2 500. Mbio ni meta 50 kwa sekunde.
— Upinde wa mti, mshale wa gramu 10: 100 ÷ 0,025 = 4 000. Mbio ni meta 63.
— Upinde wa puli, mshale wa gramu 25: 150 ÷ 0,040 = 3 750. Mbio ni meta 61.

Mnaona? Mshale mwepesi wa upinde wa mti umepita ule wa puli! Lakini unabeba jouli 20 tu. Mshale mzito wa mti unabeba 31, na wa puli 47. Kumbe mbio peke yake inadanganya. Uliza pia: mshale unabeba nini?

Na ukiachilia kamba bila mshale, enerji yote inabaki ndani ya upinde. Njo maana upinde unaweza kuvunjika.

3. Mnyama ana masikio

Sauti inaenda karibu meta 340 kwa sekunde. Mnyama akiwa meta 30, anasikia kamba mapema, na mshale wa puli unafika karibu sekunde 0,4 nyuma ya sauti. Anaweza kuruka. Akiwa meta 10, mshale wa mti wa meta 50 unachelewa sekunde 0,17 tu. Kukaribia kunashinda mashini.

Waefe wa msitu wa Ituri, upande wa Mambasa, wanajua hayo. Wanamvizia mboloko juu ya mti, karibu kabisa, na mshale wenye chuma. Kwa makako aliye juu wanatumia mshale mwepesi wa mti mtupu wenye sumu. Sumu inafanya kazi, kwa hiyo uzito hauhitajiki. Mimi nimehitaji daftari ili nifike pale walipo.

Upinde wa puli ni mzuri, sikatai. Lakini mwenye kucheka alicheka bila kupima. Nimemwomba mwenzetu msamaha. Waliocheka nami wajue njia ya kwenda kwake.

Angalisho: hesabu hii si ruhusa ya kuwinda. Ndani ya Parki ya Virunga ni marufuku. Wala msijaribu uwanjani: jicho halikimbii meta 50 kwa sekunde.

Zoezi: Upinde wa mti ule ule, mshale wa gramu 45. Tafuta mbio na enerji yake. Leteni majibu kabla ya Ijumaa.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho