Kiu ya Sigara na Sindano ya Kupunguza Unene

Mwezi uliopita mzee mmoja alikuja zahanati. Nilimwamkia, akaitika, akakaa. Akasema, "Mwanangu, kijana wangu wa mjini amenipigia simu. Anasema kuna sindano ya kupunguza unene. Ukichomwa, hata sigara huitaki. Nichome." Mzee huyo ni mwembamba kama ufito. Sikumcheka. Amevuta miaka 40 na amejaribu kuacha mara tatu.

Sindano hiyo ipo. Dawa yake inaitwa semaglutaidi. Marekani iliikubali mwaka 2017 kwa wagonjwa wa kisukari, na mwaka 2021 kwa watu wanene. Ukila, utumbo hutoa kitu kinachouambia ubongo kwamba umeshiba. Dawa hii huiga kitu hicho, na hamu ya chakula hupungua. Baadhi ya waliochomwa walisema hamu ya sigara pia ilipungua. Mwaka 2024 uchunguzi wa huko Marekani ulionyesha dalili kama hiyo kwa wagonjwa wa kisukari wanaovuta. Lakini dalili siyo tiba. Dawa hii haijakubaliwa kwa kuacha sigara. Bei yake ni kubwa, huleta kichefuchefu, na humkondesha mtu. Mzee wangu angekonda wapi tena?

Je, kwa nini kuacha ni kugumu? Tumbaku ina sumu iitwayo nikotini. Ukivuta, nikotini hufika kwenye ubongo kabla hujahesabu 20. Ubongo huizoea, kisha huidai. Ukiacha, unakuwa mkali, usingizi unapotea, mikono haitulii. Siku tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi. Baada ya wiki mbili hadi nne hali hupoa. Kwa hiyo akina mama, msiseme mume hana moyo. Anaumwa. Ugoro nao una nikotini. Anayehama sigara akaingia ugoro hajaacha.

Nikotini pia huzuia njaa. Ukiacha, chakula kinakuwa kitamu na wengi hunenepa kilo chache. Kwa mzee wangu hiyo ni faida!

Tulichagua siku: Jumamosi, baada ya mnada. Kiberiti alimpa mkewe. Nilimweleza kwamba kiu ikija haikai, hupita baada ya dakika chache. Katika dakika hizo anywe maji, atafune muwa, au ashike jembe. Zipo pia dawa za kuacha tumbaku. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilizitaja: ubani na bandiko la nikotini, na vidonge kama vareniklini. Zahanati yetu haina. Uliza hospitali ya wilaya.

Alhamisi mzee alirudi amenuna. Jana yake alivuta mbili msibani. Nikamwuliza alikaa siku ngapi kabla ya hapo. Akahesabu kwa vidole: nne. Zamani hakuwahi kuvuka mbili. Tumepanga tena Jumamosi, na safari hii mkewe amekuja naye.