SOMO LA UFUNDI: Injini ya Nyuma Inapochemka, Anza na Hewa

Somo hili ni la madereva, wamiliki wa magari ya abiria, mafundi wa gereji na wanafunzi wa ufundi wa magari katika vyuo vyetu vya mafunzo stadi. Linahusu magari makubwa ambayo injini yake imewekwa nyuma: mabasi ya masafa marefu, mabasi yaliyogeuzwa kuwa kliniki au maktaba tembezi, na yale magari-nyumba ya watalii wanaozunguka Afrika kwa barabara. Yote yana tabia moja. Kwenye tambarare yanakwenda vizuri, lakini yakianza kupanda mlima mchana wa jua, sindano ya joto nayo inapanda.

Katika kaunti yetu jambo hili si dogo. Gari linalotoka Mombasa kwenda Nairobi linaanzia usawa wa bahari na kumalizia karibu mita 1,700 juu, likipita Mackinnon Road, Maungu na Voi katika joto kali. Linalotoka Mwatate kwenda Wundanyi linapanda kona kwa kona likiwa limejaa. Injini ikichemka hapo, abiria hushushwa kando ya barabara, mgonjwa hukosa kliniki, na mwenye gari huingia gharama ya kufungua injini nzima. Mara nyingi chanzo kilikuwa uchafu ambao ungeoshwa kwa saa chache.

Kwa nini injini ya nyuma ni tofauti

Gari lenye injini mbele hupata msaada wa bure. Likienda kasi, upepo unaingia wenyewe kupitia grili na kupoza rejeta. Gari lenye injini nyuma halipati msaada huo. Rejeta yake iko ubavuni au nyuma kabisa, mahali ambapo hewa imevurugika na imejaa vumbi lililotimuliwa na magurudumu. Hivyo karibu kazi yote ya kuvuta hewa ni ya feni. Feni ikilegea kidogo, au rejeta ikiziba kidogo, hakuna upepo wa mbele wa kuokoa hali.

Tofauti ya pili ni umbali. Dereva wa basi kubwa huketi mita kumi hivi kutoka kwenye injini. Hasikii mkanda wa feni ukipiga kelele, hanusi maji yanayovuja, haoni mvuke. Macho yake ni geji ya joto na taa ya onyo. Gari ambalo geji imekufa halifai kuondoka stendi.

Tofauti ya tatu ni mabomba. Katika magari mengi ya aina hii maji husafiri kwenye mabomba marefu, na penye bomba refu hewa hupata mahali pa kujificha. Fundi akijaza maji haraka bila kutoa hewa, tangi litaonekana limejaa huku sehemu ya injini ikiwa haina maji.

Joto na kimo

Maji huchemka kwa nyuzi 100 tukiwa pwani. Kila tunapopanda mita 300 hivi, kiwango hicho hushuka kwa takriban nyuzi moja. Katika kimo cha Nairobi maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 94. Injini nyingi za dizeli hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Nafasi iliyobaki ni nyembamba mno.

Kinacholinda nafasi hiyo ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko kizima hushikilia presha, na presha ya bar moja huongeza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 hivi. Kikichoka mpira au springi, presha inapotea na maji yanachemka mapema. Kabla ya kufungua injini, jaribu kifuniko. Kikiwa kibovu, nunua chenye namba ya presha iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari, usibahatishe.

Kulanti nayo huongeza kiwango cha kuchemka na huzuia kutu. Maji ya kisima yenye chumvi hufanya kinyume. Ule ukoko mweupe unaouona ndani ya sufuria ya kuchemshia maji ndio huo huo unaojijenga ndani ya vijimirija vya rejeta. Changanya kulanti na maji safi yaliyochujwa chumvi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, mara nyingi nusu kwa nusu.

Adui aliyejificha: mafuta na vumbi

Sehemu hii ndiyo kiini cha somo letu. Katika magari mengi yenye injini nyuma, mbele ya rejeta kuna intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo. Vitu hivi viwili husimama karibu karibu kama kurasa za kitabu. Uchafu huingia katikati yao na hauonekani kutoka nje.

Injini yoyote hupumua. Ina bomba la kutolea mvuke wa mafuta, na katika magari mengi bomba hilo huishia chini ya injini, karibu na feni. Feni huvuta mvuke huo na kuupaka kwenye vibati vyembamba vya intakula na rejeta. Kisha vumbi jekundu la Tsavo linakuja na kunata juu ya mafuta. Baada ya miezi kadhaa huwa tope gumu, kama udongo uliokandikwa ukutani. Hewa haipiti tena.

Wenye magari-nyumba ya dizeli huko Marekani, ambayo mengi yana injini nyuma, wanaufahamu sana ugonjwa huu. Wengi wao wameutibu kwa njia mbili rahisi: kuosha rejeta kutoka upande ambao uchafu umekaa, na kurefusha bomba la kupumulia ili mvuke wa mafuta utoke mbali na feni. Dawa hiyo inafaa hapa kwetu pia. Bomba likirefushwa, literemke moja kwa moja bila kujikunja na lisibanwe. Likiziba, presha itarudi ndani ya injini na kusukuma mafuta kwenye sili.

Hewa inaingilia upande gani?

Uchafu hukaa upande hewa inakoingilia. Rejeta iliyo nyuma kabisa, mara nyingi feni husukuma hewa kutoka ndani kwenda nje. Kwa hiyo uchafu uko ndani, upande wa injini. Rejeta ya ubavuni, mara nyingi feni huvuta hewa kutoka nje. Uchafu uko upande wa nje na katikati ya intakula na rejeta.

Usikisie. Injini ikiwa na joto na feni ikizunguka, weka karatasi juu ya grili ya nje. Ikinata, hewa inaingia. Ikisukumwa, hewa inatoka. Mikono, nguo ndefu na kamba zikae mbali na feni.

Kisha zima injini, ondoa ufunguo, na subiri ipoe. Ingiza simu yenye tochi kwenye nafasi iliyo kati ya feni na rejeta, urekodi video. Ukiona rangi ya udongo badala ya vibati vinavyong'aa, umempata mwizi.

Jinsi ya kuosha

1. Injini iwe baridi kabisa. Funika altaneta, mdomo wa kuingizia hewa na viungo vya waya kwa nailoni.
2. Nyunyizia sabuni ya kuyeyusha grisi isiyokula alumini. Usitumie asidi wala petroli.
3. Acha sabuni ifanye kazi kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, bila kukauka.
4. Osha kwa maji mengi ya presha ndogo, ukielekeza maji kinyume cha njia ya hewa, ili uchafu urudi ulikotoka. Mashine ya presha kubwa ikisogezwa karibu hukunja vibati na kuziba rejeta kuliko awali.
5. Rudia hadi maji yatoke safi upande wa pili. Mara ya kwanza huenda ukarudia mara tatu au nne.
6. Kama tope halitoki, intakula na rejeta zitenganishwe na kuoshwa zikiwa chini.

Ukimaliza, kagua mipira na mabati yaliyozunguka rejeta. Yakiwa na matundu, hewa moto iliyokwisha kutoka hurudi ndani na kuzunguka tena. Feni inafanya kazi, lakini inapuliza joto lile lile.

Feni yenyewe

Feni ya mkanda: kagua mkanda kama umelegea, umepasuka au unang'aa. Feni ya haidroliki: pima mafuta yake, angalia uvujaji, na thibitisha kwamba inaongeza kasi injini inapopata joto. Feni za umeme: hesabu kama zote zinazunguka. Fyuzi moja ikikatika, gari litatembea vizuri kwenye tambarare na kukuumbua mlimani.

Kusoma dalili

Joto likipanda mlimani tu na kushuka tambarare, shuku hewa kwanza: rejeta, intakula, feni. Likiwa juu wakati wote, angalia kiwango cha maji, thamostati na pampu ya maji. Likiruka juu na kushuka ghafla, kuna hewa ndani ya mabomba au maji yamepungua. Maji yakitoa mapovu mfululizo kwenye tangi, au mipira ikawa migumu mara tu injini baridi inapowashwa, shuku gasketi ya silinda. Mafuta ya injini yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena, ita fundi.

Tuchukue mfano wa darasani. Basi limefika juu ya mlima na sindano iko karibu na nyekundu. Injini ikiendelea kunguruma, fundi anapima kwa kipimajoto cha kulenga: bomba la kuingilia rejeta ni nyuzi 99, la kutokea ni 96. Tofauti ni nyuzi tatu tu. Maji yanapita, lakini hayapokonywi joto. Kosa liko upande wa hewa. Kama la kuingilia lingekuwa 99 na la kutokea 75, rejeta ingekuwa inapoza, ila maji yanapita polepole mno. Hapo tungeshuku pampu, thamostati au vijimirija vilivyoziba. Pima gari likiwa zima pia na uandike, upate cha kulinganisha.

Onyo kuhusu thamostati. Baadhi ya mafundi huitoa na kuitupa wakidhani maji yatapita zaidi. Katika injini nyingi thamostati ikifunguka hufunga pia njia ya mkato. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji moto hurudi kwenye injini bila kupita rejeta. Weka mpya.

Dereva afanye nini mlimani

Shuka gia mapema, kabla injini haijaanza kulemewa. Mizunguko ikiongezeka, pampu ya maji na feni ya mkanda au ya haidroliki nazo huongeza kasi. Punguza mguu kwenye mafuta na uzime kiyoyozi. Sindano ikiendelea kupanda, egesha mahali salama na uweke viakisi vya pembetatu. Kama maji hayajamwagika na mkanda ni mzima, iache injini ingurume kwa kasi ya juu kidogo kwa dakika chache ili joto lishuke taratibu. Kama kuna mvuke, maji yanamwagika, au taa nyekundu imewaka, zima mara moja.

Washushe abiria na uwaweke mbali na barabara na mbali na nyuma ya gari. Mafuta yakidondokea turbo moto huweza kushika moto, na dereva yuko mbali. Ukinusa kuungua, uwe na kizima moto mkononi kabla ya kufungua mlango wa injini, na uufungue kidogo kidogo.

Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto. Maji yenye presha hurusha mvuke unaobabua uso na mikono. Subiri hadi mpira wa juu uwe baridi mkononi. Usimwage maji baridi kwenye injini moto. Silinda hedi hupasuka. Mtu akiungua, mwagilia jeraha maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga. Mpeleke kituo cha afya, au piga 999 au 112.

Ratiba ya kubandika gereji

Kila siku: kiwango cha maji injini ikiwa baridi, mikanda, na alama za uvujaji chini ya gari.
Kila wiki: video ya simu ndani ya rejeta, grili, na mdomo wa bomba la kupumulia.
Kila mwezi, na kila baada ya safari nyingi za barabara ya vumbi: osha rejeta na intakula.
Kwa muda uliowekwa na mtengenezaji: badilisha kulanti, na ujaribu kifuniko na thamostati.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini upepo wa safari hausaidii rejeta ya nyuma?
2. Utajuaje hewa inaingilia upande gani?
3. Bomba la kuingilia lina nyuzi 99 na la kutokea 96. Utaanza kukagua nini?
4. Kwa nini kutoa thamostati kunaweza kuongeza joto?

Walimu wa vyuo vya ufundi wanaweza kutumia somo hili karakanani. Wamiliki wa magari, mpeni dereva na fundi nakala, na muanze na video ya simu kesho asubuhi, injini ikiwa bado baridi.