SOMO LA UFUNDI: WAYA YA MASHINI YA KUCHAPA IKO NA KIPIMO



Safari hii tujifunze jambo dogo linaloweza kugeuza pointi za mtoto. Masomo mengi yanapewa kompyuta za zamani pamoja na mashini zao za kuchapa. Kompyuta inawekwa katika biro moja, mashini fasi ingine, halafu mtu anatafuta waya ndefu. Mujue kwamba si kila waya inaweza kurefushwa.

1. Waya nene ya nyuzi nane

Njia hii ilianza na mashini za Centronics mwaka 1970, na IBM wakaitia katika kompyuta yao ya 1981. Herufi inapita mara moja kwa nyuzi nane, kila uzi na alama yake: 1 ao 0. Ni kama mitumbwi minane inayotoka Alunguli pamoja kuvuka Lualaba: safari ikiwa fupi inafika pamoja, ikiwa ndefu mmoja unachelewa. Tena nguvu ni volti 5 tu. Waya ikirefuka, alama zinalegea na uzi unasumbua jirani yake. Basi musipite metre 2 ao 3.

Tazameni hatari. Tarakimu 7 inatumwa hivi: 00110111. Kama 1 ya pili toka kuume inapotea njiani, inafika 00110101, nayo ni 5. Mtoto aliyepata 7 juu ya 10 anaandikiwa 5. Karatasi inatoka safi, hakuna anayeshuku.

2. Waya ya alama moja moja

Inaitwa RS-232. Kanuni yake ya 1969 iliweka metre 15, kwa mwendo usiopita alama 20 000 kwa sekunde. Hapa alama zinafuatana mstari mmoja. Mtumaji anatoa volti 5 mpaka 15, mpokeaji anatosheka na 3, ndiyo maana inafika mbali zaidi.

Waya ndefu ni kama mtungi mkubwa: umeme unaujaza kwanza, ndipo alama inaonekana. Ukipunguza mwendo, mtungi unapata wakati wa kujaa. Hata ukimwita mpiga kasia ng'ambo ya mto, ukisema mbio hasikii. Ukiita polepole anageuka.

3. Waya zilizofuata

Waya ya USB ya zamani haipiti metre 5. Waya ya mtandao, ile ya kuunganisha kompyuta nyingi, inafika metre 100.

4. Namna ya kufanya

– Zimeni kompyuta na mashini mbele ya kuchomeka waya nene.
– Pimeni njia waya inamopita, kufuata ukuta na kona. Si kukata hewani.
– Musiunge vipande vipande, wala kuilaza pamoja na waya ya moto.
– Mukipunguza mwendo, upande wa kompyuta na wa mashini iwe sawasawa.
– Kama inawezekana, sogezeni meza. Meza haina kipimo!

Na mbele ya kutia muhuri, mmoja asome pointi katika daftari, mwenzake aangalie karatasi.

Maulizo

a) Tarakimu 6 inatumwa 00110110. Alama ileile ya pili ikipotea, itafika tarakimu gani?
b) Toka kompyuta mpaka mashini ni metre 12. Waya nene itafaa? Kwa nini?
c) Kwa sababu gani kupunguza mwendo kunasaidia waya ndefu?