Somo: Kuongeza Kasi ya Kompyuta Bila Kuhatarisha Hesabu za Kikundi

Vikundi vingi siku hizi huweka hesabu zao kwenye kompyuta. Ikianza kuwa nzito, tunakimbilia kuchanga pesa za kununua nyingine. Pengine nguvu tuliyoilipia imelala tu. Hebu tuiamshe pole pole.

1. Vipande vya memori. Prosesa nyingi zina njia mbili za kufikia memori. Kipande kimoja hutumia njia moja tu. Viwili vinavyofanana hutumia zote. Bodi ikiwa na nafasi nne, mara nyingi vinatiwa katika ya pili na ya nne kutoka kwa prosesa. Kitabu cha bodi kitakuonyesha.

2. Kasi ya memori. Kipande cha DDR4 kilichoandikwa 3200 chaweza kuanza kazi kwa 2133 tu. Ukiwasha kompyuta, bonyeza Del au F2 mpaka uingie kwenye bayosi. Tafuta XMP au EXPO, iwashe, kisha hifadhi. Kompyuta nyingi za ofisi hazina sehemu hiyo; ukiikosa, usihangaike. Jueni pia kwamba Intel na AMD huhesabu jambo hili kuwa ni kuzidisha kasi, na dhamana yaweza kupotea.

3. Prosesa. Kazi ikizidi, prosesa hujiongezea kasi yenyewe, mradi joto na umeme viruhusu. Intel huita Turbo Boost, AMD huita Precision Boost. Hakikisha imewashwa, halafu iache. Usiguse volti. Ikipata joto jingi hupunguza mwendo, kwa hivyo pangusa vumbi kwenye feni.

Onyo. Sisi wenyewe tuliwahi kuwasha XMP tukaendelea na kazi siku hiyo hiyo. Kompyuta haikuzima, lakini faili la akiba za wanachama likakataa kufunguka. Ilituokoa nakala iliyokuwa kwenye flashi. Memori ikikimbizwa kupita uwezo wake huharibu hesabu kimya kimya.

Basi weka nakala kwanza. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Pima memori kwa MemTest86 usiku kucha. Likitokea kosa hata moja, rudisha kasi ya zamani. Haraka haraka haina baraka.

Ya kujadiliana: Ni nani katika kikundi chetu anayetunza nakala za hesabu? Ziko wapi leo?