Waifai Ikigoma: Namna ya Kuwasha na Kukagua Intaneti Isiyotumia Waya kwenye Kompyuta Mpakato



Somo letu la robo mwaka hii linahusu jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo limechelewesha taarifa nyingi za miradi. Taarifa imeshaandikwa, hesabu zimefungwa, picha za kisima au za kikundi cha wafugaji wa mbuzi zimeshapangwa, halafu kompyuta haipati mtandao. Taarifa inalala ndani ya kompyuta wiki moja, mara nyingine mbili. Mikataba mingi ya miradi inasema awamu ya fedha inayofuata haitolewi mpaka taarifa ya awamu iliyotangulia ipokelewe. Kwa hiyo anayeumia si katibu wa usharika peke yake, bali pia mama aliyeko kijijini anayesubiri bomba lifike.

Katika ziara za ufuatiliaji tumezoea kusikia jibu moja: "Mtandao hakuna." Jibu hilo linaficha matatizo manne tofauti, na kila moja lina dawa yake. Lengo la somo hili ni kuisaidia kamati itambue ni lipi kati ya hayo manne, kabla haijatoa fedha kwa fundi au kuomba kompyuta mpya.

1. Njia ya intaneti ina vituo vinne

Wajumbe wa kamati za maji wanaijua kazi hii. Bomba likikauka, hatukimbilii mlimani kwenye chanzo siku hiyo hiyo. Tunaangalia kwanza koki yenyewe, kisha bomba linalofika pale, kisha tangi, na mwisho chanzo. Intaneti isiyotumia waya, ambayo wengi tunaiita waifai, hukaguliwa vivyo hivyo, kuanzia karibu kwenda mbali:

(a) Kifaa cha waifai kilichomo ndani ya kompyuta.
(b) Mawimbi ya hewani kati ya kompyuta na ruta.
(c) Ruta yenyewe, au simu inayogawa intaneti.
(d) Kampuni ya simu na kifurushi kilicholipiwa.

Kiwango cha kwanza cha teknolojia hii kilitolewa mwaka 1997, na tangu mwaka 2003 hivi kompyuta mpakato nyingi zimekuwa zikitoka kiwandani zikiwa na kifaa chake ndani. Kwa hiyo hata kompyuta kuukuu zilizotolewa kama msaada, kwa sehemu kubwa zina waifai. Mara nyingi imezimwa tu.

2. Kuwasha waifai

Anza na mwili wa kompyuta. Zile za zamani huwa na swichi ndogo ya kusukuma, ubavuni au upande wa mbele. Ni rahisi kuigusa bila kujua wakati wa kuitoa kompyuta kwenye mkoba. Kompyuta nyingine huiwasha na kuizima waifai kwa kitufe kimojawapo cha safu ya juu, kati ya F1 na F12, chenye picha ya mnara unaotoa mawimbi au picha ya ndege. Kwa kompyuta nyingi utashikilia kitufe cha Fn huku ukibonyeza hicho.

Kisha angalia pembe ya chini upande wa kulia wa kioo. Ukiona picha ya ndege, kompyuta iko katika hali ya safari ya ndege na mawasiliano yote ya hewani yamefungwa. Kwenye Windows 10 na Windows 11, shikilia kitufe cha Windows na ubonyeze A. Litafunguka dirisha dogo lenye vitufe vya haraka. Zima kitufe cha ndege, washa cha waifai.

Kama kitufe cha waifai hakionekani kabisa, zima kompyuta na uiwashe upya. Kisiporudi, inawezekana programu inayoendesha kifaa hicho, ambayo mafundi huiita draiva, imeharibika, au kifaa chenyewe kimekufa. Hapo ndipo pa kumwita fundi. Hata hivyo, kifaa kikiwa kimekufa si lazima kununua kompyuta nyingine. Kuna kifaa kidogo cha waifai kinachochomekwa mahali pa flashi, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kompyuta.

3. Kuchagua mtandao na kuingiza neno la siri

Waifai ikishawaka, orodha ya mitandao iliyo karibu itaonekana. Bofya jina la mtandao wa ofisi yenu, weka alama ya kujiunga wenyewe kila mara, kisha andika neno la siri. Angalia herufi kubwa na ndogo, kwa sababu kompyuta haioni A na a kuwa kitu kimoja. Kwa ruta nyingi, jina na neno la siri la kiwandani vimebandikwa chini yake.

Kama neno la siri limebadilishwa, kompyuta inaweza kuendelea kutumia lile la zamani na kukataliwa. Iamuru iusahau mtandao huo, kisha ujiunge upya kama mgeni.

Kama jina la mtandao halionekani, sababu huwa mojawapo kati ya hizi mbili. Ya kwanza ni umbali na vizuizi. Kuta nene za mawe, zege, kabati za chuma na mabati hupunguza mawimbi. Ruta iliyofungiwa ndani ya kabati la chuma kwa kuogopa wezi haiwezi kuhudumia chumba cha pili. Iwekwe juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya jengo.

Ya pili ni masafa. Ruta nyingi za sasa hutangaza kwa masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Yale ya 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya 5 yana kasi kubwa lakini huishia karibu. Kompyuta nyingi za zamani husikia ya 2.4 tu, kwa hiyo ruta au simu ikitangaza kwa 5 peke yake, kwao ni kama haipo. Ingia kwenye mipangilio ya simu au ruta, uchague 2.4.

4. Imeunganishwa, lakini hakuna kinachofunguka

Hapa ndipo wengi hukwama. Kuunganishwa na waifai maana yake ni kwamba kompyuta imefika kwenye ruta. Kama ruta ina intaneti au haina, hilo ni swali lingine. Tangi likiwa tupu, bomba zima halitatoa maji.

Kipimo chepesi ni simu yako. Zima data ya simu, jiunge na waifai ile ile ya ofisi, kisha jaribu kufungua ukurasa wowote. Majibu ni mawili.

Simu nayo ikishindwa, iache kompyuta, kwa kuwa karibu kila mara tatizo liko kwenye ruta au kwenye kampuni. Zima ruta, subiri sekunde thelathini, iwashe, ipe dakika tatu. Angalia kama taa ya mtandao imewaka. Baada ya umeme kukatika na kurudi, mara nyingi hatua hii peke yake inatosha. Isipotosha, ulizia salio la kifurushi. Kwa ruta inayotumia laini ya simu, unaweza kuitoa laini, kuiweka kwenye simu na kuangalia salio. Tusishangae tukikuta kifurushi kiliisha siku tatu zilizopita na hakuna aliyekabidhiwa kazi ya kukifuatilia.

Simu ikifungua na kompyuta ikashindwa, tatizo liko kwenye kompyuta. Fanya haya kwa mpangilio:

Kwanza, angalia tarehe na saa. Hili husahaulika sana. Tovuti za benki, barua pepe na ofisi nyingi huonyesha hati ya utambulisho yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta ikiamini kuwa tuko mwaka 2009, itaikataa hati hiyo na kukuonya kuwa tovuti si salama. Kompyuta za zamani zina betri ndogo ya duara inayotunza saa wakati mashine imezimwa. Betri hiyo ikifa, saa hurudi nyuma kila mara. Rekebisha tarehe, kisha mwombe fundi abadilishe betri hiyo ndogo.

Pili, angalia kama kompyuta imepewa anwani. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua dirisha jeusi, andika ipconfig, kisha bonyeza Enter. Tafuta mstari wenye neno IPv4 chini ya kifaa cha waifai. Namba ikianza na 169.254, ruta haikuipa kompyuta anwani. Jitoe kwenye mtandao, ujiunge tena, na ikibidi uwashe upya ruta. Ikianza na 192.168, au ikianza na 10, kwa kawaida anwani imepatikana.

Tatu, katika dirisha hilo hilo andika ping 8.8.8.8 ukiacha nafasi baada ya neno la kwanza. Hiyo ni anwani ya huduma ya Google iliyo wazi kwa umma tangu mwaka 2009. Majibu yakirudi, njia ya kutoka iko wazi, na huenda tatizo ni kutafuta majina. Kompyuta hutumia namba, sisi tunaandika majina, na katikati kuna kitabu cha majina kama kile cha simu yako. Andika ipconfig /flushdns ili kompyuta ifute majina ya zamani iliyoyashika, kisha jaribu tena.

Baada ya hatua hizi, hata ukimwita fundi utamweleza ulipofika. Hatapoteza muda, nanyi hamtalipia kazi isiyohitajika.

5. Kutunza kifurushi na siri za usharika

Kifurushi kinaweza kuisha kwa siku moja bila mtu kufungua hata video. Mara nyingi Windows ndiyo inayopakua masasisho. Fungua sifa za mtandao wenu na uuwekee alama kuwa ni mtandao wa kulipia kwa kipimo. Upakuaji mwingi utasubiri. Siku mnayopata intaneti isiyo na kikomo, ruhusuni masasisho yaingie, kwa sababu hayo ndiyo kinga ya kompyuta. Mkumbuke pia kuwa Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta ambayo haipati tena masasisho ya usalama isitumike kwa akaunti ya benki ya usharika.

Neno la siri la waifai libadilishwe kila uongozi wa ofisi unapobadilika, kama tunavyobadilisha watia saini wa benki. Liandikwe kwenye bahasha iliyofungwa, ikae kwa katibu. Kwa waifai za wazi za stendi na hoteli, zisizoomba neno la siri, ahirisheni kazi za fedha mpaka mfike kwenye mtandao mnaouamini.

Muwe na njia ya pili. Simu yenye kifurushi inaweza kugawa intaneti kwa kompyuta. Jifunzeni kuiwasha huduma hiyo leo, msingoje siku ya mwisho ya kutuma taarifa.

6. Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa kompyuta mnazozitoa. Tunaomba bajeti ya mradi iangalie pia njia nzima: kifurushi cha kila mwezi, ruta, ukarabati mdogo, na siku moja ya mafunzo kwa watu wawili katika kila usharika. Wawe wawili, kwa sababu mmoja akihamishwa ujuzi unabaki. Kompyuta isiyo na kifurushi haitatuma taarifa, hata ikiwa mpya.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Mara ya mwisho mtandao ulipogoma ofisini kwetu, tatizo lilikuwa kituo kipi kati ya vile vinne? Tulijuaje?
2. Nani anafuatilia tarehe ya kuisha kwa kifurushi, na imeandikwa wapi?
3. Neno la siri la waifai yetu linajulikana na watu wangapi? Je, wote bado ni watumishi wa ofisi?
4. Taarifa ijayo inatakiwa lini? Tukikosa mtandao siku hiyo, njia yetu ya pili ni ipi?

Tunashauri ukurasa huu utolewe nakala na kubandikwa ukutani karibu na kompyuta. Kamati ikikwama baada ya kufuata hatua zote, itupigie ofisini na itueleze imefika hatua ya ngapi. Tutaanzia hapo pamoja.

Tunawatakia kazi njema.