Kimbunga Kilichotupita

Alhamisi tarehe 25 Aprili 2019, katika juma la Pasaka, watu wa Mtwara walikuwa wakiitazama bahari kwa hofu. Wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wametangaza kwamba kimbunga Kenneth chaja. Shule zilifungwa, kazi ziliachwa, na watu wakamwomba Mungu. Jioni kimbunga kikatua ng'ambo ya mto Ruvuma, Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kikaua watu wengi. Mtwara ikasalimika.

Hapo ndipo unapoanza ubishi ambao wazazi wa Chuno wanaujua, na wazazi wa nchi nzima wanaujua kwa sura nyingine. Mzee husema, "Sala zetu zilikigeuza, wataalamu walisema uongo." Kijana aliyesoma hujibu, "Upepo ulifuata njia yake tu. Mungu yuko wapi hapo?" Na tuyapime maneno yao.

Kwanza, wataalamu hawakusema uongo. Kimbunga hupata nguvu katika joto la maji ya bahari, na njia yake huongozwa na pepo kubwa zaidi. Kwa hiyo hutangazwa eneo la hatari, si nukta moja. Kimbunga kilipoipiga Lindi mwezi Aprili 1952, hapakuwa na setilaiti hata moja angani. Leo twaonywa mapema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba viumbe vina kanuni zao, na kwamba uchunguzi wa kweli haupigani na imani.

Pili, tukisema sala zetu zilitukinga, tutasema nini juu ya ndugu zetu Wamakonde wa ng'ambo? Je, wao hawakuomba? Bwana wetu alipowataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine. Basi anayejenga imani juu ya kusalimika ameijenga juu ya upepo. Siku upepo ukigeuka, mwanawe ataliacha Kanisa, na lawama si ya mtoto peke yake. Mtaguso uleule ulikiri kwamba waamini wanaoieleza imani vibaya wana sehemu yao katika ukanaji Mungu.

Tatu, kijana naye amekata shauri upesi mno. Setilaiti huonyesha upepo unakokwenda. Haionyeshi kwa nini kuna bahari na upepo badala ya kutokuwa na chochote, wala kwa nini yanipasa kumwokoa anayezama. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, hakutaka hesabu zake zifanywe hoja ya kumthibitisha Mungu. Wala hakuacha kusali.

Dominika iliyofuata kimbunga, tarehe 28 Aprili, ilisomwa Injili ya Mtume Tomaso. Alidai ushahidi, wala Bwana hakumfukuza. Alimwonyesha madonda yake. Ushahidi wa imani yetu ndio huo: Mungu aliyeumia pamoja na walioumia, si Mungu atukingaye sisi na kuwasahau jirani.

Enyi wazazi, mtoto akiuliza, msimnyamazishe. Mwacheni asome sayansi kwa bidii, naye awaone mkiwaombea na kuwasaidia waliopigwa na dhoruba. Hapo atajua mnamwamini nani.