KIJANA MGENI, KAZI NA MPIRA

Ndugu kijana, mazungumzo ya leo ni yako wewe uliyeacha Kamina ukaja mgodini na diploma yako ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowane njiani. Umekuwa fundi wa umeme, au wa mitambo, au mpimaji wa mawe. Kwenu umeacha baba na mama, wadogo zako, na timu ya mtaa uliyokuwa ukiichezea kila siku ya Mungu. Hapa kampini hukujua mtu. Jioni moja uliwaona watu wakipiga mpira, ukasimama kando ukitazama. Mmoja akakuuliza: "Wewe unacheza nafasi gani?" Tangu saa ile una jina, na una rafiki.

Hatuandiki ili kukuambia uache mpira. Watu wa Lomami walianza kuja kwenye migodi ya shaba tangu wakati wa Union Minière, zaidi ya miaka 90 iliyopita, na mpira ulikuwa karibu nao. Timu tunayoiita leo Mazembe ilianzishwa na mapadri Wabenedikto mwaka 1939. Lupopo nayo ni ya mwaka ule ule, na ni timu ya watu wa reli. Wewe mtoto wa Kamina, mji wa reli, huhitaji kuelezwa zaidi. (Kama wewe ni wa Mazembe, utusamehe.) Mpira humfanya mgeni kuwa mwenyeji. Kijana asiye na mchezo wa jioni hukaa peke yake chumbani akihesabu siku za kongé, au hupata ndugu wapya kwenye meza ya lutuku, na ndugu wa namna hiyo huisha pamoja na mshahara.

Basi cheza. Lakini ukumbuke kwamba mwili unaocheza ndio ule ule unaopanda ngazi za mgodi. Kamina, ukirudi unachechemea, mama alikuona kabla hujafika mlangoni. Hapa hakuna anayekutazama ukiingia. Unaweza kuficha, na vijana wengi wageni huficha.

Tuanze na usingizi, maana ndipo makosa ni mengi. Hesabu pamoja nasi. Siku ya tano uliamka saa nane mchana. Saa nne usiku ukaingia kazini, saa kumi na mbili asubuhi ya siku ya posho ukatoka. Umeoga, umekula bukari yako, lakini hukulala, kwa sababu rafiki amekuja kuzungumza habari za mechi, kisha umefua jezi, kisha umekwenda sokoni. Saa tisa mchana firimbi inalia. Umekaa macho saa 25. Mwaka 1997 watafiti wa Australia waliwapima watu waliokosa usingizi, wakawalinganisha na watu waliokunywa pombe. Mtu aliyekaa macho saa 17 alifanya kazi kama mwenye nusu gramu ya pombe katika kila lita ya damu. Aliyefika saa 24 alikuwa kama mwenye gramu moja. Kwa hiyo unaingia uwanjani kama mlevi, hata kama hujaonja kitu. Ndipo unafika kwenye mpira baada ya mwenzako, na badala ya mpira unapiga mguu wake. Saa nne usiku ule ule, kama zamu yako haijabadilika, unarudi kwenye mashine.

Dawa yake haina bei. Ukitoka kazi ya usiku, lala kwanza, saa saba kama inawezekana: funga dirisha kwa kitambaa cheusi, mwambie jirani apunguze redio. Kama huwezi kulala kabla ya mechi, mwambie kapiteni wa timu akuweke nje siku hiyo. Atanung'unika. Mwache anung'unike. Nanyi wakubwa wa timu, pangeni mechi kwa kutazama zamu za watu, si kwa kutazama tu kama uwanja ni mtupu.

Jambo la pili ni mguu uliopinduka. Umeanguka vibaya, kifundo kimevimba. Kesho yake kiatu cha kazi hakiingii, lakini unakilazimisha. Hutaki kwenda dispanseri, kwa sababu una miezi miwili tu kazini na unaogopa kapita atasema: "Tumeleta fundi au tumeleta mchezaji?" Ndugu, tunaielewa hofu hiyo. Lakini fikiri uko juu ya ngazi, umebeba funguo za kazi, na ule mguu unakosa nguvu ghafula. Chini yako kuna yaya mwenye watoto. Yeye hakucheza mpira.

Siku mbili za kwanza pumzisha mguu, uuweke juu ya mto upate kuwa juu kuliko moyo, uufunge bandeji isiyobana sana, na uweke kitambaa chenye maji baridi kwa robo saa, mara kadhaa kwa siku. Usiuchue kwa nguvu, usiutie maji ya moto, wala usinywe pombe. Hayo matatu huzidisha uvimbe. Tunajua kwamba bibi kule kijijini ana mikono mizuri ya kuchua. Mwambie asubiri siku hizo mbili zipite. Lakini kama huwezi kukanyaga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wenyewe unaumia, usingoje hata kesho: nenda lopitali wapige picha, huenda umevunjika. Na mwambie kapita ukweli asubuhi, kabla hajakupa kazi. Ni vepesi zaidi kumpa kazi ya chini mtu anayechechemea kuliko kumtafutia machela mtu aliyeanguka.

Kichwa kikigongwa, kwa mwenzako au kwa mlingoti, sheria ni moja: mtu anayeona kizunguzungu, anayetapika, anayeuliza swali lile lile mara tatu au asiyejua magoli ni mangapi, atoke na asirudi uwanjani siku hiyo hata akisema amepona. Apelekwe kwa daktari. Usiku huo asiendeshe lori, na asilale peke yake, mtu amwangalie.

Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijashika, joto la mchana linajulikana. Aliyetoa jasho kazini huanza mechi akiwa tayari amekauka. Kunywa maji tangu asubuhi. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, hujawa tayari kukimbia. Na kama katika jamaa yenu kuna mtoto mwenye ugonjwa wa damu uitwao SS, mwambie daktari siku ya kupimwa, hata kama wewe ni mzima. Huenda umebeba nusu ya ugonjwa huo bila kujua, na mtu wa namna hiyo anaweza kudhurika akikimbia sana katika joto bila maji.

Sasa tuseme la moyo. Fabrice Muamba alizaliwa Kinshasa mwaka 1988, akaenda Uingereza akiwa mtoto wa miaka 11, akawa mchezaji wa kazi huko mbali na kwao. Tarehe 17 Machi 2012, London, timu yake Bolton ilikuwa ikicheza na Tottenham. Muamba akaanguka chini. Hakuna aliyemgusa. Alikuwa na miaka 23. Moyo wake ulisimama dakika 78, na leo yuko hai, ingawa hakuweza kurudi kucheza. Alipona kwa sababu watu walianza kumsukuma kifua pale pale majanini, daktari wa moyo aliyekuja kutazama mechi akashuka kusaidia, na mashine ya kustua moyo ilikuwepo. Miaka tisa kabla yake, Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka hivyo hivyo mjini Lyon, akafa.

Uwanjani kwetu mashine hiyo ni vigumu kuipata. Mikono ipo. Mchezaji akianguka bila kuguswa na mtu, asiitike, na asipumue vizuri (kukoroma na kutweta kwa mbalimbali si kupumua), msimmwagie maji wala msimkalishe. Mlaze chali mahali pagumu. Mmoja akimbilie gari na simu. Mwingine apige magoti, aweke viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua, mikono imenyooka, asukume kwa nguvu hadi kifua kizame sentimeta 5 au 6, kisha akiache kirudi. Mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kusimama. Inachosha, mbadilishane kila dakika mbili. Kila dakika inayopita bila kusukuma hupunguza sana tumaini la kumrudisha. Msiogope kuvunja mbavu, ubavu hupona.

Kazi hii haifundishwi vizuri kwa karatasi. Katika kila sehemu ya kazi kuna watu waliofunzwa msaada wa kwanza. Mtafuteni mmoja, mumwombe awafundishe jioni moja kabla ya mazoezi, na siku ya mechi akae karibu na uwanja. Na wewe mchezaji, kama umewahi kuzimia ukikimbia, au kifua kinakubana, au kwenu kuna kijana aliyekufa ghafula bila ugonjwa, usicheze tena kabla daktari hajausikiliza moyo wako.

Mwisho tunasema nanyi wazazi mliobaki Kamina. Mtoto akipiga simu, tunajua mazungumzo huanza na karo ya wadogo zake na bei ya unga. Ni haki yenu. Lakini kabla hajakata, mama, muulize amelala saa ngapi. Muulize mechi ilikwendaje. Akisema mguu unauma kidogo tu, muulize amemwonyesha nani, na jioni ya kesho umpigie tena.